Alichosikia Wifi Kwenye Kiti cha Nyuma

Pine Bluff, Arkansas
2 Julai 1973

Wifi Marvella,

Nimefika. Basi lilitukalisha Memphis mpaka miguu ikanivimba, lakini nimefika, na nyumba ya Baba nimeikuta imesimama. Natumai hamjambo nyote. Binti yetu Corinne anaendeleaje tangu abatizwe? Alilia mtoto yule mpaka mchungaji akasahau maneno. Nikasema huyu katokea upande wa mama yake, maana sisi kina Pruitt hatulii kanisani. Mbusu kwa niaba ya shangazi yake.

Huku joto halisemeki, na upepo ukigeuka kiwanda cha karatasi kinatunukia mpaka kitandani. Wateja wangu walikuwa wananingoja na nywele zao zimesimama kama za vichaa. Jana nimeshinda jikoni na kitana cha moto mkononi. Mke wa shemasi anasalimu, anauliza kama kweli huko kwenu wanawake weusi wameacha kunyoosha nywele. Nikamwambia wifi yangu mmoja kaacha, na inaonekana.

Asante kwa kunipokea. Kochi lako lina springi inayochoma ubavuni, lakini mgeni hachagui. Mboga zako za majani zilikuwa nzuri, ila ulizitia sukari. Roscoe alizila akanyamaza, nami nikamwelewa. Yule nimemlea mimi tangu mama yetu alipofariki, yeye akiwa hajajua kufunga viatu. Akinyamaza najua ana maana gani.

Nimepata barua yake kwamba ile nyumba ya Barabara ya Winslow mmeikosa kabisa, eti kuna mtu aliwatangulia. Poleni. Mimi sikushangaa. Nilijua hata kabla hamjarudi garini, maana yule dalali nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili. Basi, ndiyo dunia. Na nyumba yenyewe kubwa mno kwa watu watatu. Vyumba vinne vya nini? Na jiko la gesi la mafiga sita! Ungempikia nani?

Mkumbushe Roscoe habari ya paa. Alisema atakuja kulitengeneza.

Wifi yako,
Idella Pruitt


Akron, Ohio
10 Julai 1973

Dada Idella,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tumefurahi umefika salama. Corinne ameota jino na anamng'ata kila anayembeba. Roscoe amehamishiwa zamu ya usiku pale kiwanda cha matairi. Anarudi asubuhi ananuka mpira, anakula, analala, na mimi natembea kwa vidole ndani ya vyumba viwili ili mtoto asimwamshe. Chini yetu fundi viatu anagonga misumari kutwa. Umeyaona mwenyewe.

Sukari kwenye mboga ni mapishi ya mama yangu, marehemu. Nitapunguza ukija tena.

Dada, nimeisoma barua yako nikairudia. Umeandika kwamba yule dalali, Bwana Kuhn, ulimsikia. Ulimsikia akisema nini?

Unakumbuka siku ile: wewe ulibaki kiti cha nyuma kwa ajili ya magoti yako. Alitupeleka mimi na Roscoe ua wa nyuma, akatuacha tunaangalia miti ya matufaha, eti anakwenda kuchukua ufunguo. Aliporudi akasema amepiga simu ofisini, kumbe nyumba imeshachukuliwa asubuhi ile ile. Hata mlango hakutufungulia. Jiko la mafiga sita tuliliona kupitia dirishani.

Roscoe alitaka tuyaache. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja wa Kizungu, Bi Ruth Feldkamp. Yeye na wenzake wana ofisi kwenye chumba cha chini cha kanisa, wanawasaidia watu walionyimwa nyumba kwa sababu ya rangi. Siku hizi kuna sheria, dada. Si hisani tena. Kesho yake Bi Feldkamp akatuma mume na mke Wazungu kwa Bwana Kuhn, wakajifanya wanatafuta nyumba. Akawatembeza vyumba vyote vinne! Akawauliza wangependa kuhamia lini. Alipobanwa, akasema mnunuzi wa kwanza alibadili mawazo jioni ile, ndiyo maana nyumba ikawa wazi tena. Na huyo mnunuzi, jina lake halikumbuki.

Basi unaona. Kama ulimsikia akisema lolote kabla hajaturudia kule nyuma, uongo wake umekwisha. Niandikie upesi, tafadhali.

Wifi yako,
Marvella


Pine Bluff, Arkansas
29 Julai 1973

Wifi Marvella,

Barua yako ilifika siku nyingi. Nilikuwa na kazi. Kina mama wa kanisa tulikuwa na chakula cha hisani. Nimekaanga kambare mpaka mafuta yamenirukia mkono huu ninaoandikia, kwa hiyo usishangae mwandiko. Pai zangu za viazi vitamu zilikwisha za kwanza, kama kawaida. Roscoe alikuwa akiiba moja kila mwaka, tunajifanya hatumwoni.

Zamu ya usiku haimfai. Ana kifua tangu utotoni. Usingekubali.

Kuhusu nilichosikia, mtu akikaa ndani ya gari husikia mengi. Mbwa wanabweka, watu wanaongea. Sikumbuki vizuri, joto lilikuwa kali.

Lakini wewe siku hizi ni Bi Feldkamp hivi, Bi Feldkamp vile. Katika barua yako jina lake nimelihesabu karibu sawa na la mume wako. Mama wa Kizungu mmeonana juzi tu, leo ndiye anayejua siri za nyumba yenu, ndiye anayeamua mwishi wapi. Na mimi niliyempeleka Roscoe shule na nguo safi kila siku, sikuulizwa kama nataka ndugu yangu anunue nyumba Ohio. Nililetwa nikakalishwa nyuma kama mzigo, nikaambiwa, "Dada, ngoja hapa, tunarudi." Haya, nikangoja.

Mwenzangu, kuna nyumba huku. Ina vyumba, ina uwanja, ina kaburi la baba mkwe wako ng'ambo ya barabara. Hakuna dalali aliyesimama mlangoni kuwazuia. Mbona hiyo hamuioni?

Mbusu Corinne.

Idella


Akron, Ohio
8 Agosti 1973

Dada Idella,

Natumai mkono umepoa. Paka siagi ya kakao, isiache kovu. Sisi tu wazima. Corinne ameanza kutambaa, anafika ukutani anageuka, anafika ukuta wa pili anageuka. Safari yake ni hiyo tu.

Kesi imefunguliwa. Jaji ametoa amri nyumba isiuzwe kwa mtu yeyote mpaka asikilize pande zote mbili. Wakili wetu hatutozi. Analipwa na watu wa Bi Feldkamp. Lakini anasema Bwana Kuhn ana hadithi yake ya mnunuzi aliyebadili mawazo, na jaji anaweza kuiamini. Anahitaji mtu aliyemsikia kabla.

Nitakwambia jambo moja, kisha nitanyamaza. Unaniambia mimi nina Bi Feldkamp. Unajua mimi nina nani mezani kwangu kila siku ya Mungu? Nina Idella. Nikipika mboga, Idella hutia hivi. Nikipiga pasi shati, Idella hunyoosha kola kwanza. Mtoto akiugua, "Mwandikie Idella." Nimeolewa na mwanamume aliyekuja na dada yake mfukoni. Siku ulipokuwa hapa alicheka meza nzima, na mimi nilikaa nawaangalia mkicheka mambo ya miaka ambayo sikuwepo. Nikasema moyoni, huyu mwanamume mimi sijawahi kumchekesha hivi. Kwa hiyo usidhani una wivu peke yako, dada. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Basi tungeshajinyonga sote wawili, na Roscoe akabaki kulea.

Sijamwambia kwamba ulisikia kitu. Barua yako ya kwanza niliificha. Si kwa ajili yako. Nilimwonea huruma yeye.

Niambie ulichosikia.

Marvella


Pine Bluff, Arkansas
23 Septemba 1973

Marvella,

Hatujambo huku. Mvua imeanza mapema na nimeweka sufuria mbili chini ya paa, moja chumbani kwa Baba, nyingine juu ya kitanda alichokuwa akilala Roscoe. Zinaimba usiku kucha.

Sikuandika kwa sababu sikutaka. Barua yako niliitia chini ya biblia, nikaitoa, nikairudisha. Kwanza nilidhani unanitisha. "Sijamwambia Roscoe." Mwambie! Unadhani namwogopa mtoto niliyempangusa makamasi? Halafu nikasoma lile la mezani, kwamba nakaa mezani kwenu kila siku. Sitakudanganya, nililifurahia. Nililisoma mara nyingi kuliko mengine.

Sasa nikwambie mimi. Roscoe alipopanda basi kwenda huko aliniambia, "Idella, miaka mitano. Naweka akiba, narudi, natengeneza nyumba ya Baba, tunaishi." Nimeingojea miaka hiyo na mingine juu yake. Nimekataa mwanamume, mjane mwenye duka lake, kwa sababu alitaka nihamie kwake, nami nikasema nyumba hii itakaliwa na nani mdogo wangu akirudi? Halafu siku ile mnanipakia kwenye gari mnaniambia, "Dada, njoo uone nyumba." Mtu hanunui nyumba mahali anapopita. Hilo nililijua pale pale, kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyenigeukia kuniambia pole.

Unataka nilichosikia? Chukua. Yule bwana alitoka ubavuni mwa nyumba. Jirani, bibi kizee mwenye mpira wa kumwagilia maua, akamwita kwenye uzio. Akamwuliza, "Delbert, hawa watu ndio wanaingia?" Yeye akacheka. Akasema, "Usihofu, Bi Mabel. Nitawaambia imeshachukuliwa. Si wa kwanza kuwaambia hivyo. Mtaa huu hautageuka rangi mimi nikiwa hai." Bibi yule akamshukuru, akaendelea kumwagilia. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwao, dirisha liko wazi. Hawakuniona. Au waliniona wakaona ni mzigo.

Haya, umepata. Mpelekee mama yako wa Kizungu.

Idella


Akron, Ohio
2 Oktoba 1973

Dada Idella,

Nimepata barua yako. Corinne alikuwa na homa, imeshuka.

Niliwapelekea Bi Feldkamp na wakili. Wakili aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akasema haitoshi. Barua haiwezi kuulizwa maswali. Upande wa pili una haki ya kumhoji aliyeandika, na wewe uko Arkansas. Ni lazima uje mwenyewe, useme mbele ya jaji. Tarehe ni 13 Novemba, saa tatu asubuhi, jengo la mahakama hapa Akron.

Habari ya yule mjane sikuijua. Roscoe naye haijui, nimempima kwa maneno ya mbali. Pole, dada. Ningekuwa nimegeuka kule mbele garini ningekuambia pole siku ile, lakini sikugeuka, nilikuwa naangalia nyumba.

Ila na mimi nikwambie ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine atakayethubutu. Roscoe harudi. Tukiipata Winslow harudi, na tukiikosa harudi. Alishaamua kabla Corinne hajazaliwa, akashindwa kukuandikia. Kila mara huanza, "Mpendwa Idella," akaenda kusimama dirishani. Tukishindwa tutabaki hapa hapa juu ya fundi viatu, mtoto anatambaa ukuta hadi ukuta. Wewe hutampata. Utakachopata ni Roscoe yule yule, mbali vile vile, amenyimwa.

Sitakuomba tena. Nauli imo ndani ya bahasha. Ukitaka nunua nayo mabati.

Marvella


Akron, Ohio
9 Desemba 1973

Dada Idella,

Oktoba nzima hukujibu. Novemba ikaingia, hukujibu. Nilishamwambia wakili akuhesabu kama hupo. Asubuhi ile tukaingia mahakamani, mimi na Roscoe na Bi Feldkamp, na wewe ukawa umeshakaa benchi la nyuma, kofia ya kijani kichwani, kikapu mapajani, umesafiri siku mbili bila kumwambia mtu. Roscoe akaninong'oneza, "Nani kafa?" Maana hakujua lolote.

Ulipomaliza kusema ulishuka ukatoka. Roscoe alikukimbilia, akakupata kituo cha basi, ukakataa hata kula. Ameniambia mlisimama pale mpaka basi likaja na hamkusema zaidi ya, "Vaa koti." Kwa hiyo hukuyaona yaliyofuata, wala hukujiona ulivyokuwa. Nakuandikia uyajue.

Wakili wetu alipokuhoji ulisema yote kama ulivyoniandikia, taratibu, na yule bibi kizee wa maua alikuwepo, shahidi wao, akawa anatazama viatu vyake. Bwana Kuhn alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu mpaka wakili wake aliposimama kukuuliza. Nilikuwa nimekamata mkono wa Bi Feldkamp, samahani, najua hupendi, lakini ndio mkono uliokuwa karibu.

Akakuuliza, "Miss Pruitt, uliyasikia maneno mazito kama hayo, halafu ukapanda gari na ndugu yako mpaka nyumbani bila kumwambia?"

"Ndiyo."

"Mlikula pamoja jioni ile?"

"Tulikula. Mboga zilikuwa na sukari."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na bado hukumwambia. Kwa nini?"

Nikamwona Roscoe amejikunja mbele kama mtu anayengoja kipigo. Ukasema, "Kwa sababu nilifurahi."

Dada, kila shingo iligeuka. Hata jaji aliinua kichwa. Yule wakili alidhani ameokota dhahabu. Akasogea. "Ulifurahi! Kwa hiyo wewe na mke wa ndugu yako hamwelewani?"

"Hatuelewani."

"Humpendi?"

"Simpendi sana, hapana. Alinichukulia ndugu yangu. Ulizia Pine Bluff nzima watakwambia."

"Basi," akasema, amefungua mikono kama anataka kukukumbatia, "kwa nini mahakama imwamini mtu mwenye chuki za kifamilia namna hii?"

Na wewe ukamwangalia kama unavyomwangalia mtoto asiyesikia. Ukasema, "Mwanangu, hebu fikiri. Kama simpendi, kwa nini nipande basi siku mbili na magoti haya nije kumsemea uongo? Uongo ningeusemea nyumbani kwangu, bure, kwa kukaa kimya."

Wakili akageukia kiti chake. Angekaa chini yangeishia hapo, lakini akaona aibu kukaa, akakuuliza tena, "Basi umekuja kwa nini?"

Jibu lako nimelishika, nalirudia nikiosha vyombo. Ulisema, "Nimekuja kwa sababu mimi nina haki ya kumwonea wifi yangu wivu. Ni wifi yangu. Tutagombana mpaka tuzeeke, na ni shauri letu. Yule dalali pale hamjui. Hajala kwake, hajalala kwenye kochi lake. Hakumnyima Marvella nyumba. Alimnyima kila mwenye sura kama yetu, na mimi nimo, nimekaa pale pale garini. Hilo sikumpa ruhusa."

Kisha ukamwuliza jaji kama unaweza kwenda, basi lako linaondoka.

Bi Mabel aliitwa baada yako. Aliulizwa swali moja tu, kama Bwana Kuhn alimwambia maneno yale uzioni. Alimtazama Bwana Kuhn, akamtazama Roscoe, akaanza kulia, akasema, "Sikudhani yule mwanamke anasikia." Ikaisha hapo.

Hukumu imetoka Alhamisi. Nyumba tunauziwa sisi kwa bei ile ile waliyotajiwa wale Wazungu. Bwana Kuhn anatulipa kwa usumbufu, na ameamriwa kila mteja mweusi amwonyeshe nyumba zote alizo nazo, na mahakama itakuwa ikimkagua. Tunahamia kabla ya mwaka mpya. Jana tulipokwenda kupima madirisha, jirani wa upande wa pili alituletea keki. Wa ng'ambo amefunga mapazia. Bi Mabel bado hajatoka nje.

Nilidhani Roscoe amekasirika nawe hata asikusamehe. Siku moja anavua viatu akasema, "Angeweza kuficha lile la kufurahi. Hakuna mtu angejua." Kisha akasema, "Mimi nilimficha la kwangu miaka yote." Akachukua kalamu. Sijui kama ameituma.

Nami sijui niseme nini, dada. Asante ni neno dogo, na najua ukilisikia utanisuta. Kwa hiyo nasema tu kwamba nilikuonea wivu hata pale. Nilikuangalia ukiwa juu ya kile kiti nikasema, ndiyo maana hanyamazi kumtaja.

Marvella


Pine Bluff, Arkansas
17 Machi 1974

Wifi Marvella,

Tu wazima, na miti ya pichi imetoa maua kabla ya wakati wake. Baridi ikirudi itayachoma. Mke wa shemasi ameacha kunyoosha nywele. Nimepoteza mteja, na ninakulaumu wewe.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na shughuli zangu, mtazijua hapa chini. Barua ya Roscoe niliipata. Ni ndefu. Aliyoyaandika ni yangu na yake, hutayasoma, na ukimwuliza atanyamaza. Nimemjibu kwa mistari miwili na kipande cha pai, natumai hakikuoza njiani, na natumai hukula wewe.

Unasema niliwaacha bila kula. Nisingeweza kula. Mtu akishasema vile mbele ya watu, hakai tena mezani nao.

Nimefikiri sana majira haya ya baridi. Nimekuwa nikilinda nyumba kwa ajili ya mtu asiyekuja, nimeweka sufuria chini ya paa la watu waliokufa. Na kila nilipofunga macho niliona jiko lako la mafiga sita. Sitaki kukudanganya, Marvella, hukumu ilipotoka nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikainuka nimenuna. Nilinuna wiki nzima. Nikasema, kwa hiyo mimi nimesafiri siku mbili ili mwanamke mwingine apate bafu lenye dirisha? Na mimi je?

Basi Januari nikaona tangazo la nyumba ya kupangisha, Mtaa wa Persimmon, nyumba ndogo ya manjano, karibu na posta. Mtaa ule hatukai sisi weusi. Nikavaa, nikaenda. Mwenye nyumba, mzee mmoja anaitwa Harlan Stokes, akanifungulia mlango nusu. "Imeshachukuliwa," akasema. Nikamwuliza, "Na nani?" Akasema hakumbuki jina. Marvella, karibu nicheke usoni pake. Wanaume hawa wote wana mnunuzi mmoja asiye na jina, wanaazimana!

Nikarudi nyumbani nikamwandikia Bi Feldkamp wenu. Ndiyo, mimi. Nilimwandikia kwa ukali kidogo ili asidhani namwomba. Akanijibu upesi, mwandiko mbaya kweli, akanipa jina la wakili kijana Little Rock, mmoja wetu. Yule kijana akatuma watu wawili Wazungu kwa mzee Stokes, na bila shaka nyumba ikawa haijachukuliwa, na chai wakapewa. Halafu akamwandikia barua moja tu. Sijui alimwandikia nini kuhusu Akron, lakini mzee alikuja mwenyewe mpaka kwangu, kofia mkononi, wateja watatu wamekaa jikoni na vichwa vyao nusu vimenyooshwa, akasema kumbe kulikuwa na kutoelewana. Nikamwambia hakuna kutoelewana, tumeelewana vizuri sana, ufunguo uko wapi?

Kuna aliyenirushia jiwe dirishani wiki ya kwanza. Nimeweka kioo kipya, nimeweka na taa. Kina mama wa kanisa wanapokezana kulala kwangu, na wanakula sana. Lakini nimehamia. Nyumba ya Baba nimempangisha kijana mwalimu na mkewe. Amelitengeneza paa kwa mikono yake, Roscoe asijisumbue.

Njooni Pasaka. Nasema nyote, na wewe umo, usije ukajifanya hukualikwa. Corinne atalala na shangazi yake. Wewe na Roscoe mtalala chumba cha mbele, chenye madirisha mawili. Nilimwuliza Roscoe upana wa chumba chenu cha kulala, akaniandikia bila kujua kwa nini nataka. Changu kinazidi chenu kwa futi nzima.

Usinionee wivu.

Wifi yako,
Idella